Vumbi au Vitu

Nyumba ya wifi yangu niliifuta mimi. Ilikuwa Jumanne asubuhi, duka langu la kutengeneza kompyuta ndiyo kwanza nimelifungua, na kazi yenyewe haikuchukua hata dakika tano. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza tena. Mimi sipendi kuulizwa jambo moja mara mbili, kwa hiyo nikabonyeza ndiyo kwa nguvu zaidi.

Nianze mbali kidogo, maana nyumba hiyo haikuwa ya matofali. Kaka yangu alikuwa fundi mwashi. Watu walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye uzito ambayo waashi hupimia kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa sawasawa. Akiingia nyumba ya watu akaona picha imelala upande, aliinyoosha kwanza ndipo asalimie. Alijengea watu kwa miaka ishirini na mitatu, na miaka yote hiyo yeye na mkewe waliishi katika vyumba viwili vya kupanga. "Yako inakuja," alikuwa akimwambia wifi. Kisha mapafu yakachoka na saruji, daktari akampiga marufuku kukanyaga saiti, na kaka akabaki nyumbani na kompyuta ya michezo ambayo nilikuwa nimemuundia mimi mwenyewe, kipande kwa kipande.

Humo ndani kulikuwa na mchezo mmoja wa kujenga. Unapewa uwanja mtupu wa majani. Unachimba, unachonga mawe, unapandisha ukuta. Kwa mwaka mmoja na nusu, akiwa amefungwa shuka kifuani na dawa zake pembeni, Timazi alimjengea mke wake nyumba kwenye uwanja ule. Mchezo wenyewe haukuhitaji intaneti. Kila jiwe alilopanga lilihifadhiwa ndani ya mashine ile, na halikuwa na nakala mahali pengine popote.

Wifi hakuwahi kuiona. Kompyuta ile aliiita mke mwenza. "Leo mke mwenza amekupikia nini?" alikuwa akiuliza mumewe akichelewa mezani. Kaka naye alikuwa akimwita, "Mama, njoo uione nyumba yako," na jibu lilikuwa moja, "Ikishakuwa na choo, niite." Tulicheka mpaka kaka akashikwa na kikohozi. Lakini wifi simlaumu. Alikuwa anarudi kutoka kiwanda cha nguo miguu imevimba, hana hamu ya kutembezwa kwenye nyumba ya kwenye kioo.

Miezi saba baada ya mazishi ya kaka, wifi aliingia dukani kwangu amebeba kompyuta imeviringishwa kwenye shuka, akaitua juu ya kaunta na kuhema.

"Wifi, nimekuletea mke mwenza."

"Amekukosea nini?"

"Ananguruma. Na kila nikimwasha ananiandikia kwamba mfumo wake umepitwa na wakati. Mimi mambo hayo siyajui. Nisafishie, uniwekee mfumo mzuri wa michezo."

"Michezo? Nani acheze?"

"Mimi." Alitazama pembeni. "Kwani mimi vidole sina?"

Nilicheka, naye akacheka kidogo, akakunja shuka lake akaondoka kuwahi zamu. Hakuniambia zaidi. Nadhani aliona haya.

Sasa hapa lazima niseme jinsi tunavyofanya kazi. Katika kazi yetu neno kusafisha lina maana mbili. Kuna kusafisha kwa kufungua kava, kupuliza vumbi na kufuta feni. Na kuna kusafisha kwa kufuta kila kilichomo, mashine ikabaki kama siku ilipotoka kiwandani. Zamani, mwalimu mmoja aliniambia nimsafishie laptopu, nikamsafishia mitihani ya shule nzima. Tangu siku ile kila mteja anayetamka neno hilo mbele yangu namwuliza, "Vumbi au vitu?" Nimemwuliza hakimu. Nimemwuliza bibi aliyeleta simu iliyodumbukia kwenye mchuzi. Kaka alipenda kunitania kwa hilo. Akiniona nafagia uwanja aliniuliza kwa sauti ya kibiashara, "Dada, vumbi au vitu?"

Wifi sikumwuliza. Mtu wa nyumbani humwulizi, unajiona unajua tayari.

Hata hivyo, hilo peke yake lisingeua nyumba. Kilichoiua ni kuchagua mfumo. Zilikuwepo njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuweka Windows mpya juu ya ile ya zamani. Vitu vyote vinabaki pale pale vilipokuwa, michezo inaendelea. Ya pili ilikuwa kuweka Linux, mfumo wa bure usiomilikiwa na kampuni yoyote, na mimi huwa naiweka kwa kuanza na diski tupu. Mteja mwingine yeyote, mgeni wa kompyuta, anayetaka kucheza michezo iliyomo tayari, ningemchagulia ile ya kwanza bila hata kukaa chini. Jibu lilikuwa wazi. Lakini kompyuta ile ilikuwa ya Timazi.

Mimi na kaka tuligombana juu ya jambo hili miaka kumi na miwili. Mimi ni mtu wa Linux, na nikianza kuisifu watu huaga. Yeye alikuwa mtu wa Windows na hakuyumba. "Wewe unataka kompyuta ya kutengeneza," aliniambia. "Mimi nataka ya kucheza." Tuligombana kwenye harusi, tukagombana kwenye foleni ya hospitali, wauguzi wakatutazama. Ulikuwa ugomvi wa kupendana, isipokuwa mara ya mwisho. Mara ya mwisho, wiki tatu kabla hajafa, alikuwa anaonyesha kitu kwenye kioo, na katikati ya maonyesho kikaja kijisanduku cha kumtaka asasishe mfumo. Mimi nikapata pa kuingilia. Nikamwambia, "Unaona? Hata humu ndani wewe ni mpangaji tu. Mwenye nyumba akibisha hodi unasimama."

Aliondoa mkono kwenye mausi. Nilijua nimemchoma, na kwa kiburi changu nikaaga nikaondoka, nikijiambia nitamtuliza wiki inayofuata. Wiki iliyofuata alikuwa wodini na mpira wa hewa puani.

Kwa hiyo Jumanne ile, flashi ya Linux ikiwa mkononi, sikuwa namchagulia wifi. Nilikuwa nabishana na marehemu. Nilisema kwa sauti, dukani peke yangu, "Leo nani mshindi?" Na nilipobonyeza ile ndiyo ya pili nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi, kisha nikalia, kisha nikapuliza vumbi kwenye feni kwa uangalifu mkubwa, nikafuta kava mpaka likang'aa.

Alhamisi mchana nilimpelekea. Alikuwa amebadilishana zamu makusudi. Meza ya kaka ilikuwa imefutwa, kiti kimewekewa mto, na wifi amevaa gauni la kutokea na hereni. Nikaunganisha nyaya, nikawasha, nikaanza kumsifia jinsi mashine ilivyo nyepesi sasa, haingurumi, inawaka kufumba na kufumbua. Nilikuwa nimemwekea na ule mchezo wa kujenga, mpya kabisa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Haya," akasema, akavuta kiti. "Nionyeshe pa kuingilia."

"Kuingia wapi?"

"Wifi, nyumbani kwangu. Ile aliyonijengea." Alishika mausi kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu cha moto. "Nimejikaza miezi saba. Leo naweza."

Ile nyumba haikuwa imenijia akilini hata mara moja. Nilisikia mdomo wangu ukisema kuna kitu hakijakaa sawa, kidogo tu, naomba nirudi nayo dukani. Wifi akasema haina shida, akavua hereni moja moja akiziweka mezani. Nikaikumbatia ile kompyuta na kutoka nayo.

Nilifunga duka siku mbili. Nilijaribu kila programu ya kufukua vilivyofutwa ninayoijua, nikampigia mtaalamu niliyesoma naye, akaniuliza ni diski ya aina gani. Nilipomwambia ni ya aina mpya, ile isiyozunguka, aliniambia niache kujaribu. Diski hizo ukizifuta zinajifagia zenyewe. "Pole, dada," akasema. Mimi ndiye niliyemwekea kaka diski hiyo, ili mchezo ufunguke haraka.

Jumamosi lilinijia wazo baya, na sitalificha. Wifi hakuwahi kuiona ile nyumba. Ningeweza kujenga yoyote. Ukuta, dirisha, paa, na hata choo cha utani wake, naye angeingia akalia akaridhika, na siri ingekwenda nami kaburini. Nilifungua mchezo. Uwanja wa majani ukatokea, kijani, mtupu mpaka mwisho wa macho. Nilikaa nao kwa muda mrefu mkono ukiwa kwenye mausi, kisha nikaufunga. Nilijiambia ni dhamiri.

Jumapili nilikwenda. Wifi alikuwa anapiga pasi, amejifunga kitenge cha nyumbani. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni: nyumba haipo, niliifuta mimi, hairudi. Nikamweleza na sababu, njia zote mbili, na ipi ningemchagulia mtu baki. Sikuacha hata ile furaha.

Aliisimamisha pasi wima, akachomoa waya ukutani. Alikaa kitandani.

"Hukuniuliza," akasema.

"Sikukuuliza."

"Wateja unawauliza."

"Nawauliza wote."

"Ungeniuliza ningekwambia vumbi." Sauti yake haikupanda. Afadhali angenitukana; mimi matusi nayajua, nina ya kurudisha. "Neno moja tu, wifi. Vumbi."

Nililia pale mlangoni bila kujificha uso. Yeye hakulia. Alikuwa anatazama meza ya kaka, mahali kompyuta ilipokuwa imeacha alama ya mraba. Baadaye akaniambia nikae, nikakaa chini, mgongo ukutani.

"Wewe alikutembeza humo," akasema.

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Nne. Labda tano."

"Basi haijaisha yote." Aligeuka akanielekea, na uso wake ulikuwa umefunguka kidogo, jambo ambalo liliniogopesha kuliko ukimya wake wote. "Nieleze. Usiharakishe, nina mchana mzima. Tunaingia. Mlango uko upande gani?"

Nilifumba macho. Nilikiona kioo. Niliona kile kijisanduku kwenye kona ya chini kulia, na nikasoma tena namba ya toleo la mfumo, tarakimu zote. Nilikumbuka jinsi feni ilivyokuwa ikilia na nilivyosema ni kosa la mfumo. Nilikumbuka kila neno nililosema. Nilikiona kidole cha kaka, kimekonda, ukucha bado una weupe wa saruji usiotoka, kinagusa kioo na kuonyesha kitu fulani, na nikauona mkono wangu ukikisogeza pembeni ili nisome vizuri kile kijisanduku. Kidole kilikuwa kinaonyesha nini, sijui. Mara zote nne, au tano, sijui. Jumamosi dukani, mbele ya yale majani, haikuwa dhamiri iliyonizuia. Sikujua pa kuweka jiwe la kwanza.

"Wifi?"

"Sikuangalia," nikamwambia. "Alikuwa ananionyesha, mimi nikawa nabishana. Sikuiangalia hata mara moja."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye sakafu. Nilingoja anifukuze.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema.