Sekunde Arobaini za Babu

Filamu yangu ilikuwa na dakika tano na sekunde arobaini, na masharti yalitaka dakika tano, hata nukta isizidi. Watu hudhani kusoma filamu kidato cha sita ni kukaa gizani na kutafuna bisi. Miaka miwili nimehesabu mikato ya picha mpaka mama akifungua friji naona pale ambapo ningekata.

Mwalimu wetu, Bi Howells, aliitazama mara mbili. "Mzee anaeleza mno, Mared," alisema. "Mikono yake inatosha. Lakini filamu ni yako. Kata unapoona panafaa."

Mzee mwenyewe ni babu yangu, Idwal, baba yake mama. Nilimpiga picha jikoni kwake, akipika chai ya mtu mmoja katika birika la watu wawili. Siku ya tatu, bila kuulizwa, aliigeukia kamera akasema. Siku bibi alipofariki, yeye hakuwepo. Alikuwa amechoka na harufu ya dawa, akaendesha gari hadi mlimani, akakaa ndani yake saa mbili akila chipsi. Aliporudi, bibi alikuwa ameshapoa. Na mji wetu mzima, miaka mitatu sasa, unaamini kwamba bibi alifia mikononi mwake. Alitumia sekunde arobaini kuyasema yote hayo.

Nikazikata. Bi Howells nilimwambia ni kwa ajili ya muda, na kweli alama zangu za kuingia chuo kikuu zilitegemea kazi ile. Lakini sababu hasa ilikuwa woga. Sikutaka mama asikie.

Kumbe babu alishawaalika wenzake. Filamu zetu zingeonyeshwa kwa wazazi Alhamisi saa kumi alasiri, ukumbini shuleni, na babu alikuwa amewaambia wazee wote wanane wanaoimba naye sauti ya besi katika kwaya ya wanaume. Wiki nzima sikukalika. Nilikwenda kwake mara tatu kumwambia kwamba maneno yake hayamo, ila mikono tu. Mara ya kwanza nilimkuta akipiga pasi koti la kwaya. Mara ya pili alikuwa kwa kinyozi. Ya tatu nilikunywa chai, nikazungumzia mvua, nikaondoka nikijitukana njia nzima.

Alhamisi walikuja wote, makoti ya buluu, viatu vinang'aa.

"Tumekuja kuona kama kamera imemsaidia," Emrys aliniambia, rafiki yake wa tangu utotoni. "Maana kioo kimeshashindwa."

"Wivu huo," babu akamjibu. "Wewe ungeipasua."

Lakini hakucheka. Nilimwona anafuta viganja vyake kwenye suruali.

Yangu ilikuwa ya nne. Birika, mikono, kikombe kimoja, kimya. Watu wakapiga makofi, Bi Howells akanitikisia kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa mwanzo, na kusema hivyo kunanichoma hadi leo. Babu hakupiga makofi. Aliendelea kuutazama ukuta kana kwamba kuna kitu bado kinakuja.

Nilimfuata kwenye meza ya chai. "Babu, nisamehe. Ilizidi muda, ikabidi nikate."

"Ile sehemu yangu hawataionyesha?"

"Hapana. Hakuna aliyeiona ila Bi Howells. Siri yako iko salama, babu."

Nilidhani nampoza moyo. Akakaa kwenye kiti, taratibu, kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

"Mared, unafikiri nimewaleta hawa wote waje kutazama mikono yangu?" Alisema kwa sauti ya chini. "Miaka mitatu najaribu kuwaambia. Kinywa kinakataa. Nikasema basi, mashine iseme, mimi niwe nimekaa tu hapo katikati yao."

Nilitamani ardhi inimeze. "Bado ninayo kwenye kompyuta," nikasema. "Naweza kuwaonyesha hata kesho."

Emrys alikuwa ameshafika na kipande cha keki. "Wamefanya busara kuuficha uso, Idwal," alisema, na wenzake nyuma yake wakacheka.

Mama naye alikuwa anakuja, macho yamemlowa kwa fahari. Alimwinamia babu akaibusu mikono yake mbele ya watu wote.

"Baba, nilipoiona pale ukutani nililia," alisema. "Ndiyo mikono iliyomshika mama mpaka mwisho."

Babu aliivuta mikono yake, polepole, akaiweka magotini. Alinitazama mimi, kisha wazee wenzake. Nikajua kwamba hataisubiri kesho.

"Vuta kiti, Gwenda," alimwambia mama. "Na wewe Emrys, wasogeze hao karibu. Nina neno."

"Hotuba?" Emrys akasema. "Mcheza filamu huyu."

Mama alicheka, akavuta kiti, akakaa mbele yake na keki yake mkononi.