Kona ya Chini

Tulimzika kitinda mimba wetu kwenye kona ya chini ya shamba kwa sababu moja tu: hapo ndipo jembe lilipoingia. Kilikuwa kiangazi, na shamba lote lilikuwa limekauka na kupasuka nyufa za kumeza mkono. Tulikuwa wageni wa ardhi ile. Hakuna aliyejiuliza kwa nini pale tu palikuwa laini, na hadi leo nina hasira na wote walioshika jembe, nikianza na mume wangu.

Maana yeye hakuwa mtu wa kubahatisha. Kazini walimwita Fundi Maji. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya watu, akipeleka maji yalikotakiwa. Kuyatoa yasikotakiwa ilikuwa shughuli ngeni kwake, na mvua zilipoanza tukalijua hilo. Maji yalisimama shambani kama yamealikwa. Mahindi yalifika magotini yakageuka manjano. Binti yetu mkubwa akatuma ujumbe kwamba msimu mwingine ukiharibika anakuja kutuchukua tukaishi kwake mjini, na hataki mjadala. Kwa mume wangu hiyo ilikuwa na maana moja: kumwacha mtoto peke yake.

Bwana shamba alikuja, mtu mpole, viatu mkononi. Alichimba shimo, akatuonyesha udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, unaonuka mayai viza. Alisema mizizi inakosa hewa humo. Tuinue matuta, tusilime udongo ungali unanata, tena tuchimbe mitaro ya kuteremka mpaka kona ya chini, maji yatokee hapo. Kisha akaliona kaburi, akalifukia shimo lake.

Mume wangu alifanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Kiangazi kizima alichimba mitaro iliyonyooka kama uzi, na yote ikaishia hatua chache kabla ya kaburi. Nilimwambia hiyo si mitaro, ni mabeseni. Akasema mdomo wangu hauna breki. Nikamjibu kwamba kichwa chake nacho ni cha mawe, tukacheka. Wakati ule bado tuliweza kucheka.

Mvua zikarudi na mabeseni yakajaa. Mahindi yaliyoanza vizuri juu ya matuta yakanyong'onyea. Nilipong'oa mche mmoja, mizizi ilibaki kwenye tope, imeoza. Nikaenda kumtafuta mume wangu nimefura. Nilimkuta amechuchumaa kwenye kona, mkono wake umezama hadi kiwiko katika shimo alilochimba pembeni ya kaburi.

"Mama," akasema, "mtoto yumo majini."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno makali, nikayameza. Aliniambia amelijua hilo tangu mwaka uliopita. Alidhani akizuia mitaro isifike, pale patakauka penyewe. Hiyo ilikuwa akili ya mzazi, si ya fundi. Fundi angejua kwamba maji yalikuwa yakikusanyika hapo chini kwa chini hata asipoyaleta, na kwamba mtaro mmoja mrefu ungemkausha mtoto na kuyaokoa mahindi.

"Basi tuchimbe," nikasema.

Tulichimba wawili huku mvua inatunyeshea, tukapita kando ya kaburi hadi bondeni nje ya mpaka. Maji yalitoka ya kijivu, taratibu, na hayakukoma upesi. Kona ikakauka. Kaburi likatitia likawa sawa na ardhi. Lakini mahindi hayakurudi, kwa sababu mzizi ukishaoza umeoza. Nililia, na sikujua nalilia lipi.

Binti akaja na gari la mumewe, kama alivyosema. Tulipakia vyombo, magodoro, na kuku wawili ambao mkwe hakuwafurahia. Mume wangu hakuonekana. Nikamfuata shambani nikamkuta ndani ya mtaro, suruali ameikunja, anang'oa majani na kuzoa tope kwa mikono. Nikamwambia tunasubiriwa.

"Udongo huu usiposafishiwa mtaro msimu mmoja tu, unaziba," akasema bila kuinua uso. "Maji yatamrudia."

Nikamuuliza ni nani atakayeusafisha msimu ujao. Akazoa tope jingine. Kule nyumbani honi ikapigwa. Nikavua viatu, nikashuka mtaroni, nikaanza kuzoa upande wangu.