Maji ya Kawe

Saa kumi jioni, watoto wanapoingia bwawani kule Kawe, Suleiman huvua shati chumbani kwake Tabata na kukaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya miguu. Maji yanamtoka kitovuni taratibu, yakinuka dawa ya bwawa. Ndoo ikijaa, mkewe Mwamvita anasogeza nyingine.

Bomba la mtaa halitoi kila siku, kwa hiyo hayapotei. Yanadekiwa, yanamwagwa chooni. Jirani yao Jesca huja na beseni.

"Shemeji, leo wameoga wangapi? Nina mashuka meupe."

"Wengi. Kuna bethidei."

Suleiman anawasikia watoto tumboni mwake, wanacheka na kurushiana maji kwa lugha yao.

Nyumba hiyo ya Kawe ilikuwa ya baba yake. Suleiman alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa uani, chini ya mstafeli. Baba alipokufa, kaka yake Mwinjuma alisema inauzwa, ikauzwa. Aliyeichukua ni Mzungu aliyekuja wiki mbili kuangalia bahari. Akaongeza wiki, akaongeza miezi, akaleta mke, akaleta watoto. Mstafeli ukang'olewa, pakachimbwa bwawa. Siku lilipojazwa, Suleiman aliamka shuka limelowa.

Hilo walishalizoea. Taabu ilikuja binti yao Najat alipojifungua mtoto wa kike na kitovu kikakatika. Mwenye nyumba wao, mzee Fransis, alikataza kisizikwe uani kwake.

"Leo mnazika kitovu, kesho atasema hapa ndiyo kwao. Mie napangisha vyumba tu."

Suleiman akakifunga kitovu kwenye pamba, akakitia ndani ya kiberiti, akaenda Kawe. Getini alimkuta mlinzi, Alfonsi, kijana wa Masasi.

"Shikamoo mzee. Umealikwa?"

"Marahaba. Nimezaliwa humu."

"Basi wewe mwenyeji. Mie nimeambiwa niingize wageni."

Mzungu mwenyewe akatoka, kaptula inachuruzika. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na alisikiliza mpaka mwisho. Habari ya maji haikumshangaza. Aliona bwawa linapungua, fundi akatafuta ufa, hakuupata.

"Pole sana, baba. Ingekuwa juu yangu, ungezika. Lakini hati ina jina la kampuni. Mimi ni mgeni tu hapa."

"Mgeni mpaka lini?"

Akafikiri. "Bado hatujaamua."

Alichukua ndoo tupu ya rangi, akaijaza udongo wa bustani kwa mikono yake, akamsaidia kuipakia kwenye bajaji. Alfonsi akafunga geti.

Kitovu kikazikwa ndani ya ndoo ile. Mwamvita akapanda mbegu ya stafeli juu yake. Mzee Fransis alikuja kukagua, akaisukuma ndoo kwa mguu, ikasogea, akaridhika.

"Hii sawa. Mkihama, mnahama nayo."

Ndoo iko mlangoni. Wanaimwagia maji ya Kawe, maana mengine hakuna, na mbegu haijaota. Jioni mtoto akilia, Najat humwegemeza ubavuni mwa babu yake, sikio kwenye tumbo. Anawasikiliza watoto wenzake wakicheza bwawani, ananyamaza.