Gari ama Mkono

Watu wa Nyeri hawafanyi mchezo na Jumapili. Asubuhi ni ya kanisa, na mchana ni wa nyama au wa usingizi, kila mtu achague lake. Lakini kulikuwa na kikundi cha watu wazima, wengine na mvi zao, ambao mchana huo walikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, njia ya kwenda Mweiga, kuchezea magari ya rimoti. Wake zao waliwacheka mpaka wakachoka. Na msidhani ni yale magari ya watoto yanayokufa kabla ya Krismasi kuisha. Haya yalikuwa ya kuagizwa, makubwa kama paka aliyeshiba, yenye springi na difu, ile gia ya kugawa nguvu kwa magurudumu, kama gari la kweli, yanayomshinda mbwa mbio na kuruka tuta bila kuuliza chini kuna nini. Kwa kuwa yaliruka, yalivunjika. Na kwa kuwa yalivunjika, kikundi kilikuwa na Kinyua.

Kinyua alikuwa na duka la miwani mjini. Mtu aliyezoea kusaga kioo na kukaza skrubu ndogo kama chembe ya mtama hashindwi na gari la rimoti. Aliletewa yakiwa mahututi akayarudisha yakiwa na nguvu kuliko yalivyotoka kiwandani. Alitoa bushi za plastiki akaweka beringi, akajaza difu mafuta mazito, akabandika wavu wa plasta kwa gundi ya viatu ndani ya bodi ili isipasuke ikibingirika. Wote walimwita Fundi, na yeye jina hilo lilimkolea kuliko lile alilobatizwa nalo.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Gari likivunjika, mchezo unasimama na kesi inasikizwa papo hapo. Swali ni moja tu: ni gari ama ni mkono? Ikiwa ni mkono wa dereva, dereva atanunulia kila mtu chai na mandazi. Ikiwa ni gari, Fundi ndiye atakayenunua, kwa sababu magari yote yalipita mezani kwake. Na hakimu ni nani? Fundi huyo huyo. Kesi ya ngedere ilikuwa ikipelekwa kwa nyani kila Jumapili na hakuna aliyenung'unika, kwa maana kusema kweli nyani alikuwa mwadilifu. Mara nyingi alijihukumu mwenyewe, akanunua chai huku akicheka.

Sasa, katika kikundi hicho alikuwamo Mutwiri, mzee kutoka upande wa Chuka aliyekuwa ameendesha lori la majani chai tangu ujana wake mpaka siku kiharusi kilipompiga upande wa kulia. Mguu ulirudi. Mkono ulirudi nusu, ukagoma hapo. Mwanawe Muthomi, aliyekuwa akifanya kazi mjini Kenol, alimnunulia gari la rimoti ili asikae akitazama ukuta. Rimoti ile hushikwa kwa mkono wa kushoto, na kando yake kuna usukani mdogo unaozungushwa kwa vidole vya kulia. Mzee alianza kuuzungusha usukani ule kidogo kidogo, na vidole vikaanza kukumbuka kazi. Kufikia Pasaka alikuwa akishika kijiko mwenyewe. Mkewe, Karambu, aliwaambia watu kanisani kwamba aliyemponya mume wake ni Mungu na kile kigari, na hakuwa na hakika aanze kumshukuru nani.

Mwezi wa saba Mutwiri alimletea Kinyua gari lake. "Fundi," alimwambia, "niwekee kitu haiwezi vunjika. Mimi sitaki kila saa nikuwe hapa kwako."

Kinyua akamwekea vishikio vya chuma. Vishikio ni vile vipande vinavyotoka kwenye kisanduku cha mbele cha gari kwenda kushika magurudumu. Vya kiwandani ni vya plastiki. Hivi vya Kinyua vilikuwa vya alumini, vya rangi ya buluu, vinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Na hapa ndipo penye dhambi, kwa sababu Kinyua alijua. Alijua kwamba plastiki hupinda inapopigwa, na ikizidiwa hukatika yenyewe, gari likapona. Chuma hakipindi. Chuma hupokea pigo na kulipitisha lote ndani, kwenye kisanduku, ambacho kikivunjika gari zima limekwisha. Gari lake mwenyewe lilikuwa na vishikio vya plastiki, tena vya zamani. Lakini chuma kinapendeza machoni. Jumapili iliyofuata watu walilizunguka gari la Mutwiri wakipiga miluzi, na Wambugu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasema, "Hii sasa si gari. Hii ni trekta." Kinyua alijiona amepanda kimo.

Gari la Mutwiri liliruka tuta kubwa mara kadhaa. Halafu likaruka tena, likatua, na gurudumu la mbele likalala ubavu.

Watu wakakusanyika. "Fundi, leta hukumu! Ni gari ama ni mkono?"

Kinyua aliinama. Aliviona vishikio vyake vya buluu, havina hata mkwaruzo. Aliinua macho akaona nyuso zote zinamngoja, zile zile zilizokuwa zimepiga miluzi. Akasikia mdomo wake ukisema, "Ni mkono."

Kisha akaongeza, kwa upole, na upole huo ndio uliokuja kumchoma baadaye kuliko maneno yenyewe: "Mzee, umekata usukani gari ikiwa hewani. Ikatua na tairi imeangalia kando."

Mutwiri aliutazama mkono wake wa kulia. "Lakini sikusikia nikikata."

"Hauwezi kusikia, Baba Muthomi. Huo mkono bado hauna habari."

Hakuna aliyecheka. Mzee alinunua chai, akakaa nao mpaka ikaisha, akamwachia Kinyua gari alitengeneze.

Kesho yake Kinyua alilifungua dukani kabla ya wateja kuja. Kisanduku cha mbele kilikuwa kimepasuka kuzunguka pale chuma kilipofungwa, na mpasuko ulikuwa na weupe pembeni, ule wa plastiki iliyochoka kidogo kidogo. Haukuwa wa pigo moja. Ulikuwa umeanza mruko wa kwanza, ukala polepole mpaka kisanduku kikakubali. Hata kama usukani ungeshikwa na malaika, gari lile lingevunjika. Kinyua aliketi. Alijaribu kuisingizia baridi ya Julai, kwamba plastiki hukakamaa. Lakini magari mengine yote yalikuwa yameruka katika baridi hiyo hiyo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, naye alikuwa peke yake na mlango umefungwa.

Mtu mwenye busara angevaa koti akaenda Ruring'u kwa Mutwiri saa ile. Kinyua alibadilisha kisanduku, akarudisha vishikio vya plastiki, akavitupa vya chuma ndani ya droo, akamtumia mzee gari lake kwa mtu wa boda.

Jumapili iliyofuata Mutwiri hakuja, wala ile ya pili. Kinyua alijiambia mzee ana shughuli. Baadaye akajiambia atamweleza akija. Mwisho akaacha kujiambia chochote, na akishika rimoti yake alijikuta akiangalia vidole vyake vya kulia, vizima, vyepesi, na kuvionea haya.

Mwezi wa tisa Karambu aliingia dukani kuchukua miwani yake mpya. Kinyua akamuuliza habari za mzee, kwa sauti aliyotaka iwe ya kawaida.

"Huyo? Huyo amerudi nyuma," Karambu alisema. "Ile gari iko chini ya kitanda. Kijiko ameacha. Namlisha mimi, kama mtoto. Nikimwambia ajaribu, anasema ati huu mkono hauna habari. Sijui ni nani alimwambia hiyo maneno. Mtu wa kuambia mgonjwa hivyo hana Mungu."

Kinyua aliendelea kupangusa kioo kilichokuwa safi zamani.

"Lakini wewe asante," mama akasema. "Ulimtengenezea gari vizuri sana."

Usingizi ulimruka siku kadhaa. Jumamosi akafunga duka mapema, akaenda Ruring'u. Alimkuta Mutwiri sebuleni, mkono wa kulia umefichwa chini ya leso mapajani kama kitu ambacho wageni hawapaswi kuona. Kinyua hakutaka hata kuketi. "Baba Muthomi," alisema, "ile siku ilikuwa gari. Haikuwa mkono wako. Nilikuwekea kitu mbaya. Nimegundua."

Alijiandaa kutukanwa. Mutwiri akatabasamu.

"Karambu amekutuma."

"Hapana, mzee. Hajui hata nimekuja."

"Fundi, wewe ni mtu mzuri. Lakini usinidanganye kama mtoto. Mkono ni wangu, naujua. Asante kwa kunijali." Akamwita Karambu kutoka jikoni alete chai.

Kinyua akashukuriwa kwa mara ya pili na watu wa nyumba moja. Chai ile aliimeza kama dawa ya minyoo. Alipoinuka alisema, "Basi njoo kesho. Usiguse kitu. Njoo uone tu." Karambu, aliyekuwa akimwombea mumewe atoke nje hata hadi kwa jirani, alisema atamleta mwenyewe.

Walikuja. Mutwiri alikuwa amevaa koti zito, mkono mfukoni. Kinyua aliwaita watu wote, akasimama mbele yao, akasema ile kesi ya Julai aliiamua vibaya, kosa lilikuwa la gari, na gari lilikuwa kazi yake.

Watu wakatazamana, nyuso zikalainika. Wambugu alimpiga begani. "Fundi, uko na roho safi. Kumbeba mzee namna hiyo!" Wengine wakaitikia kwamba ndivyo mtu anavyofaa kuwa. Mutwiri aliangalia chini, akitabasamu lile tabasamu la jana. Kinyua alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amevua nguo mbele yao, nao wanamsifia suti.

Ndipo akalitoa gari lake mwenyewe, lile ambalo kila mmoja pale alikuwa ameliona likiruka tuta kubwa Jumapili baada ya Jumapili bila kudhurika. Akavua vishikio vya plastiki mbele ya macho yao, akafunga vile vya buluu, vile vile vya Mutwiri. "Gari ni hii yangu," akasema. "Mkono ni huu wangu. Kitu imebadilika ni hii chuma peke yake. Angalieni."

Liliruka, likatua sawasawa, likageuka likarudi. Watu wakashangilia. Akalirusha tena, na tena, likatua bila kasoro kila mara. "Si tumesema?" Wambugu akacheka. "Hii kitu iko sawa, Fundi. Wacha sasa." Mutwiri alimgusa mkewe kiwiko, waende.

Kinyua hakuacha. Miaka yote alikuwa akiomba magari yasivunjike, na sasa, jasho likimtiririka kwenye upepo wa baridi wa mlimani, alimwomba Mungu livunjike hili, gari alilolipenda, livunjike vibaya, mbele ya kila mtu, kabla mzee hajafika barabarani. Alilirusha tena na tena. Liliruka juu, usukani umenyooka, kila mtu akauona umenyooka, likatua kwa magurudumu yote kwa pamoja. Likalia kama kuni kavu zikikatika, na gurudumu la mbele likalala ubavu. Mahali pale pale.

Mutwiri alikuwa amegeuka. Alirudi polepole, akaliinamia gari akaona kisanduku kilivyopasuka kuzunguka chuma, na chuma chenyewe hakina mkwaruzo.

Wambugu ndiye aliyeanza kupiga makofi. "Huyo sasa ni mwanaume! Amevunja gari yake mwenyewe ndio ukweli ijulikane!" Wengine wakafuata, na Kinyua, Mungu amsamehe, akahisi kifua kikilegea. Alihisi raha. Makofi yalikuwa matamu.

Mutwiri hakupiga. Aliinuka, akangoja yapungue.

"Fundi," alisema. "Wewe ulijua lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema wiki hii. Nani angejua? Hata jana kule sebuleni alikuwa amesema "nimegundua" na kuliacha neno hilo lielee bila tarehe, na mzee alikuwa amelipita.

"Kesho yake," Kinyua alijibu. "Jumatatu. Nilifungua gari nikaona."

Makofi yaliyokuwa yamebaki yakafa.

"Jumatatu ya Julai?" Karambu aliuliza. Alikuwa amevaa miwani aliyomtengenezea. "Na mimi nikakuja kwa duka yako. Nikakwambia namlisha. Nikakwambia sijui ni nani alimwambia mkono hauna habari."

"Ndio, Mama Muthomi. Ni mimi."

Karambu hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Wambugu alijifanya anatafuta kitu kwenye gari lake.

Mutwiri aliutoa mkono wa kulia mfukoni, akautazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake ambaye yeye mwenyewe alimsingizia wizi. "Twende nyumbani," alimwambia mkewe. Upepo ulikuwa mkali, na Karambu, kwa mazoea, akanyoosha vidole amfunge kifungo cha juu cha koti. Mzee akausukuma mkono wake kando. Akakishika kifungo mwenyewe, kwa vidole vile vya kulia, kikamponyoka, akakishika tena, kikamponyoka. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyesogea kumsaidia, na Kinyua alisimama akitazama mpaka mwisho, kwa kuwa hakuona ana haki ya kuangalia pembeni.