Sajini Asiyeanguka

Rekodi ya Sajini Margret Akoth ilikuwa fupi kuisema na tamu kuisikia: hajawahi kuanguka. Tangu alipoingia ulingoni akiwa kuruta, katika kambi moja ya magereza upande wa Jinja, mpaka alipopata mistari mitatu mkononi, hakuna mwanamke aliyemlaza chali. Mwaka nenda mwaka rudi alichukua ubingwa wa kambi. Aliwapiga mweleka makoplo na makuruta, wanene kwa wembamba, nao wakiinuka walijipangusa vumbi na kumpigia saluti. Mwenyewe alizoea kusema kwamba Mungu alimnyima mtoto, akamnyima na mume wa kudumu naye, lakini hakumnyima mikono. Watu walicheka wakidhani anatania, na yeye akawaacha wacheke.

Mambo yangeendelea hivyo hadi astaafu kama si Mubaraka. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Mbale, muuza vitambaa aliyechoshwa na vitambaa, na mwaka 1996 aliingiwa na wazo kwamba watu wa mashariki wangekata tikiti kutazama wanawake wakipigana mieleka. Alizunguka akitafuta bingwa, akaelekezwa kambini. Wakuu wakatoa ruhusa, na haukupita muda picha ya Akoth ikabandikwa kwenye kuta za maduka kutoka Buwenge mpaka Mbale, amekunja mikono na kununa, na chini yake maandishi mekundu: HAJAWAHI KUANGUKA. Akoth alijitazama ukutani akaona kwamba hatimaye dunia imepata habari.

Pambano la kwanza lilikuwa Buwenge, siku ya soko. Mpinzani wake aliitwa Namwase, mbeba mikungu ya ndizi ambaye hakuwahi kukanyaga ulingo. Watu hawajatulia vizuri, Akoth yuko chini anatazama mawingu. Alisema kiatu kiliteleza. Pambano la pili lilikuwa Busiu, na huko aliangushwa na mama mmoja mkulima wa mahindi, aliyeingia ulingoni pekupeku huku akiona haya. Safari hii Akoth alisema refa ni shemeji yake yule mama. Labda ni kweli, Busiu watu wameoana sana, lakini si refa aliyemnyanyua na kumbwaga.

Mubaraka hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfuata Jinja, akakataa hata chai.

"Sajini, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini watu nasoma ile karatasi kwa ukuta, halafu naona kitu ingine kwa macho. Mbale ndiyo ya mwisho. Ukianguka tena, naondoa picha yako, naweka ya mwingine. Wewe utarudi kwa wafungwa wako."

Akoth alimjibu kwamba Mbale watamwona Akoth mwenyewe. Lakini usingizi ulimpaa. Hakuogopa kurudi gerezani. Gerezani ndiko alikoishi. Aliogopa kwamba lile neno likifutwa ukutani, halitabaki lingine la kumweleza yeye ni nani.

Pambano la Mbale lilifanyika Jumamosi mchana, katika ukumbi uliojaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mpinzani alikuwa Nulu, Mwislamu wa pale pale mjini, anayepakua magunia katika kinu cha kusaga mahindi. Alikuja amefunga kitambaa kichwani kikakazana, na suruali ndefu iliyofika kwenye visigino. Upande wa Akoth alisimama Patience, askari jela mdogo wake kazini, ameshika taulo na chupa ya maji. Patience alikuwa amewahi kupigana na Akoth kambini mara nyingi, na mara zote alilala chali.

Akoth alikuwa na kabari yake ambayo kambini waliiita pingu. Mkono mmoja hukamata shingo, mwingine huzunguka kiuno, vidole vikakutana mgongoni. Jinja, pingu ikifungwa basi pambano limekwisha; mwenzake alilegea magoti, akashuka chini polepole kwa adabu. Hapa Mbale alimfukuzia Nulu pembeni, akampata, akafunga pingu sawasawa. Moyo ukamruka kwa furaha. Vidole vilikutana. Akasubiri.

Nulu hakushuka. Alisimama tu, akihema, kama mtu anayengoja zamu yake kisimani. Kisha aliinama kidogo, akamtwaa Akoth kwa nyonga, akamnyanyua kama gunia la kilo mia na kumtua mgongo chini. Ukumbi ulilipuka. Wakasimamishwa tena, Akoth akafunga pingu tena, na mambo yakawa yale yale. Hakukuwa na raundi ya tatu.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na stoo ya viti vibovu, ndiyo waliyopewa kubadilishia nguo. Akoth aliketi humo, taulo kichwani, asitake kumwona mtu. Nulu aliingia kumpa mkono. Hakuja kumcheka, kwa kweli alikuwa na wasiwasi, maana hakuwahi kumwangusha askari, na kwao mtu akisikia Kiswahili cha kambini bado hukumbuka ukatili wa askari wa zamani akajificha.

"Mama, usikasirike na mimi," alisema. "Nataka kuuliza kitu moja tu. Ukishanikamata, unangojaga nini?"

"Nangoja nini vipi?"

"Unakamata vizuri kabisa. Mimi najua nimekwisha. Halafu unanyamaza. Huvuti, husukumi. Ndiyo nasema, huyu anangoja nini?"

Nulu alimtakia safari njema, akatoka. Lakini swali lilibaki stoo pale. Akoth aliinua mikono yake akaifunga hewani, akajaribu kukumbuka kinachofuata baada ya pingu. Alitafuta katika miaka yote ile. Hakuna kilichofuata. Baada ya pingu walikuwa wakianguka.

Aligeuka akamtazama Patience, ambaye ghafla alikuwa ameona kazi kubwa ya kukunja taulo.

"Patience. Kambini. Mimi nilikuwa nakuangusha?"

"Afande."

"Nimekuuliza."

"Afande, wewe ulikuwa nashinda."

"Sikuulizi nani alishinda. Nauliza kama nilikuangusha."

Patience aliikunjua taulo, akaikunja upya. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Afande, mutu gani ataangusha sajini yake Jumapili, halafu Jumatatu anasimama mbele yake kwa gwaride? Zamu ni wewe napanga. Likizo ni wewe. Sisi wote tulikuwa nafanya hivyo. Hata wakati ulikuwa koplo." Kisha akasema lile ambalo Akoth hakuweza kulisahau tena. "Mimi nilifikiri unajua."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walimvika kilemba cha ukoka, na yeye akakivaa mpaka Mbale. Wala hapakuwa na njama. Hakuna aliyewahi kuwaita wale wasichana akawaamuru waanguke. Kila mmoja alijiongeza mwenyewe, kama anavyojua bila kufundishwa kwamba mkubwa hupishwa mlangoni. Akoth mwenyewe, alipokuwa mdogo, aliwapisha wakubwa katika mambo mangapi? Tena akadhani wanajua. Aliona aibu, akatamani Nulu angemvunja shingo kabisa yakaisha.

Lakini mtu anayezama hushika hata jani. Usiku kucha alihesabu mapambano yake kurudi nyuma, akiyafuta moja moja, la usajini likafutika, la ukoplo likafutika, mpaka akafika kwenye lile la kwanza kabisa, na hapo akaketi kitandani. Siku ile yeye alikuwa kuruta, hana mstari hata mmoja. Aliyepigana naye alikuwa koplo, Maximilla, bingwa wa wakati huo. Hapakuwa na sababu yoyote duniani ya koplo kumwangukia kuruta. Alimkumbuka vizuri: alimfyeka mguu wa kushoto, Maximilla akaenda ubavu. Lile lilikuwa lake. Kama lipo hilo moja, alijiambia, mengine yote nayaacha yaende.

Na Maximilla alikuwa papo hapo Mbale. Aliacha kazi miaka kadhaa iliyopita kwa sababu ya goti, akaja kuishi upande wa viwandani, karibu na dada yake. Jumapili asubuhi Akoth alimwacha Patience na mizigo kwenye nyumba ya wageni walikolala, akaenda kuuliza.

Alimkuta uani anafua. Maximilla alimtazama mara moja tu, akaiacha nguo ndani ya beseni na kusimama wima, mikono yenye povu imenyooka ubavuni.

"Afande! Karibu, afande."

"Maximilla, acha hayo. Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wangu."

"Hiyo ni zamani, afande."

Akaleta kiti kimoja kilichokuwapo, akamkalisha Akoth, na mwenyewe akakataa katakata kuketi hata juu ya ndoo. Akoth aliuliza habari za nyumbani, akajibiwa zote ni nzuri. Kisha, kwa kuwa hakujua njia nyingine, aliuliza moja kwa moja: siku ile ya kwanza, nilikuangusha kweli?

"Kweli kabisa, afande," Maximilla alisema haraka, kabla swali halijatua. "Banange, jamani, ulikuwa na nguvu! Ulininyanyua juu namna hii, ukanitupa na mgongo. Watu wote walishangaa. Mimi nilisema huyu atakuwa mukubwa."

Akoth alijua sivyo. Hakumnyanyua. Hakumtupa mgongo.

"Ilikuwa mguu," alisema polepole. "Nilikufyeka mguu."

"Ndiyo, afande. Mguu. Ni kweli, ilikuwa mguu." Maximilla alitabasamu, kisha akajipangusa mikono kwenye gauni na kuuliza alilokuwa akilingojea. "Na Geresom wangu huko, anafanya kazi vizuri? Hakusumbui, afande?"

Hapo Akoth alikumbuka. Geresom, mume wa Maximilla, alikuwa askari katika kikosi chake mwenyewe. Kila asubuhi humwita jina lake, naye huitikia. Alikuwa amemjua Geresom kwa miaka bila kumwaza hata mara moja kama mume wa mtu. Na mkewe sasa alikuwa amesimama juu ya goti bovu, akimtazama mkubwa wa mumewe aliyetokea Jumapili bila taarifa kuuliza mambo ya ajabu.

Angeondoka wakati huo ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa amefika mwisho wa akili yake. Alisimama, akavua kofia.

"Maximilla, nakuomba. Sikuamuru, nakuomba kama dada yangu. Nishike. Hapa hapa. Nipinge kwa nguvu yako yote, unitupe ukiweza. Geresom hatapata shida yoyote. Nataka kujua tu."

"Ndiyo, afande," alisema Maximilla.

Wakasogeleana katikati ya ua, kati ya beseni na kamba ya nguo. Watoto wa dada yake walitoka mlangoni kutazama. Akoth aliweka mkono mmoja kwenye shingo ya mwenzake, mwingine kiunoni. Aliusikia mwili ule bado ni mzito, bado una misuli. Akoth hakuwa amekaza bado. Vidole vyake vilikuwa havijakutana mgongoni.

Maximilla alilegea magoti. Lile bovu lilimuuma, uso ukakunjamana, lakini alishuka nalo hivyo hivyo, polepole, akijishikilia kwa mkono mmoja, mpaka akalala chali kwenye tope la maji ya kufulia. Mtoto mmoja alianza kulia.

"Umeona, afande?" alisema kutoka chini, akijitahidi kucheka. "Ni ile ile tu."

Akoth alimpa mkono ainuke. Maximilla hakuuchukua, alisubiri kwanza aambiwe.