Pipi za Idi

Kengele ya mapumziko ilipolia, nilikuwa nimechuchumaa chooni nyuma ya madarasa, brashi mkononi, sketi ya sare nimeikusanya mapajani isilowe. Hina ya Idi ilikuwa bado inang'aa vidoleni. Wenzangu walijazana mlangoni wameziba pua, wakiniita jina ambalo Madamu Prudence alikuwa ametoka kunipa mbele ya darasa zima: Mademoiselle Pipi.

Sasa ni mtu mzima, nina watoto wangu. Nikilikumbuka jina lile damu hunichemka, wala sitaki ipoe.

Tulihamia Bujumbura mwaka huo, mama na mimi, kwa meli ya mizigo kutoka Kigoma, tumeketi juu ya magunia ya chumvi. Baba, Djibril, fundi wa magari, alikuwa ametangulia kurudi kwao, mtaa wa Buyenzi, kwenye gereji ya kaka yake. Mama, Amira, ni mzaliwa wa Ujiji, na Kiswahili changu kilikuwa cha kwao. Watoto wa Buyenzi walikicheka tangu siku ya kwanza. Nikisema ndala, wao kambambili. Nikisema baiskeli, wao velo. Fatouma wa nyumba ya jirani aliniambia, “We unaongea kama redio,” kisha akanivunjia nusu ya muwa wake. Kicheko cha namna hiyo hakimuumizi mtu. Kinakusogezea mkeka ukae.

Shuleni walicheka vingine. Ilikuwa shule ya Kifaransa, mbali kidogo na mtaa wetu, na baba alikuwa amehangaika sana hadi nikapata nafasi. Siku moja baada ya Idi, mama alinifungia pipi za rangi rangi ndani ya kitambaa, akaniambia niwagawie wenzangu, maana sikukuu haiishi mpaka jirani ameonja. Niliuweka mfuko miguuni nikasubiri mapumziko. Madamu Prudence akasikia karatasi zikichakarika. Akauliza nina nini mle.

“Nina pipi, Madamu.”

Darasa liliangua kicheko, wengine wakapiga madawati. Mimi nikatabasamu, nikidhani wamefurahia pipi. Sikujua kwamba kwa Kifaransa nilikuwa nimemwambia mwalimu kwamba nina mkojo mfukoni.

Hadi hapo simlaumu mtu. Maneno ni kama watu, hufanana majina bila kuwa ndugu. Lakini Madamu alikuja hadi kwenye dawati langu. Akaufungua mfuko kwa mikono yake. Akaziona, nyekundu, kijani, manjano, kila moja katika karatasi yake. Akatoa moja, akaiinua juu darasa lote liione.

“Hii ni bombo,” alisema. “Bombo iko hapa. Pipi iko kule.” Akanyoosha kidole dirishani, kuelekea vyooni, kisha akanituma nikachukue brashi, nikajifunze tofauti.

Jioni mama alinidodosa habari yote, neno kwa neno. Baba alisikiliza akifuta grisi kwenye vidole. Alisema yatapita, watoto husahau, tukigombana na mwalimu nafasi itapotea na nyingine hatutaipata. Asubuhi mama alivaa buibui lake jipya, akanishika mkono, tukaenda.

Direkta, mkuu wa shule, bwana mmoja mpole aitwaye Jérémie, alituketisha, akamwita Madamu. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya nidhamu na juu ya lugha ya shule. Mwishowe akashauri nihamishiwe darasa jingine, ili mambo yatulie.

“Mwanangu hahami,” mama alisema. “Kitakachohama ni hilo jina.”

Madamu akacheka kidogo. Alisema hakuwa na nia mbaya, neno lenyewe ndilo chafu, na mutoto lazima ajue.

“Mwalimu, uliufungua mfuko wake?”

“Niliufungua.”

“Uliona nini?”

Madamu alimtazama direkta. Direkta alikuwa akitazama kalamu yake.

“Bombo,” alisema hatimaye.

“Uliona bombo,” mama alisema, “ukampa brashi.”

Kuomba radhi hakukuwepo. Direkta alisimama, akasema jambo limekwisha, nami nikarudi darasa lile lile. Tangu siku hiyo Madamu aliniita kwa jina langu, Lubna, kwa sauti kavu, kama mtu anayetema mbegu. Watoto waliendelea na jina lao hadi mwaka ukaisha, ila chinichini. Pipi sikurudishiwa.

Mwaka jana nilikutana na Madamu dukani, nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijamtambua. “Ni we! Yule wa pipi!” Akacheka kwa furaha ya kweli, akanishika bega, akaniuliza mama hajambo. Kwake ile ilikuwa hadithi nzuri ya kazini. Nilimwambia mama hajambo. Nikatoka bila kununua nilichokwenda kununua.

Maana hakujua alichochukua, na mimi mwenyewe nilikijua kwa kuchelewa. Siku chache baada ya mama kwenda shuleni, bibi alipiga simu kutoka Ujiji. Mama alikuwa jikoni akikoroga maharage, akanipa nimsalimie. Bibi aliniuliza sikukuu ilikuwaje, nguo, pilau, kila kitu. Akauliza kama mama alininunulia chochote kitamu.

“Alininunulia bombo, Bibi.”

“Alikununulia nini?”

Neno lake nilikuwa nalo. Lilifika hadi ulimini. Nilifungua kinywa mara mbili, nikaona mlango wa choo na wale walioziba pua, nikanyamaza. Bibi akauliza tena, taratibu, kama anayezungumza na mtoto wa watu: bombo ni kitu gani, mjukuu wangu?

Mwiko ulikuwa umesimama sufuriani. Shuleni mama hakutoa hata chozi moja. Alifuta mkono kwenye kanga, akaichukua simu sikioni mwangu, akageukia ukuta wa jikoni asinitazame.

“Mtandao mbaya, mama,” alimwambia. “Hapa hatusikilizani.”