Avis Haigh Katika Filamu za Jumatano

Enzi zile maduka ya mji wa Thornley yalifungwa mapema kila Jumatano, na Desmond Haigh, muuza viatu, alikuwa akila chakula chake cha mchana haraka kisha akienda sinema ya Mtaa wa Kanisa. Siku hiyo zilionyeshwa filamu za zamani za mauaji, zile za rangi nyeusi na nyeupe. Mkewe, Avis, hakufuatana naye. Alisema giza la mle ndani humuumiza kichwa.

Jumatano moja ya Novemba, muuaji akiwa anashuka ngazi taratibu, glovu mkononi, Avis alipita nje ya dirisha, mle mle ndani ya filamu, amebeba kikapu cha mboga.

"Huyo si Avis wako?" akanong'ona Sugden, kinyozi, aliyekaa kiti cha pembeni. "Koti limemkaa."

"La mwaka juzi," akajibu Desmond.

Muuaji akamaliza ngazi na filamu ikaendelea.

Wiki iliyofuata ilikuwa filamu ya jasusi anayekimbizwa juu ya mapaa. Avis alikuwa chini barabarani, anasubiri basi. Kisha ikaja ya daktari aliyemzika mkewe bustanini. Avis alikaa kwenye benchi nyuma ya daktari, akatazama kushoto, akacheka. Alicheka akirudisha kichwa nyuma, shingo nje. Desmond hakukumbuka ni lini mara ya mwisho Avis alimchekea hivyo. Kile alichokitazama hakikuonekana.

Jioni, Avis akikata mkate wa nyama, Desmond akamuuliza, "Ulicheka nini pale bustanini?"

"Mbwa aliiba andazi la mchungaji."

"Mbwa wa nani?"

"Jamani, Desmond. Mbwa tu."

Lakini mbwa huwa na mwenyewe, na mwenyewe huenda akawa mwanamume. Desmond alikula bila kuonja ladha. Kesho yake alipanda hadi kwa Bi Olwen, mwendesha mashine ya sinema, akamwomba asogeze picha kushoto kidogo.

"Kushoto kuna ukuta, Bwana Haigh. Nikisogeza tutamtazama mkeo juu ya bomba la maji."

Basi Desmond akaanza kumfuata Avis yeye mwenyewe. Aliacha duka kwa kisingizio cha kuumwa jino, akavaa kofia ya kahawia, akajibanza nyuma ya kibanda cha simu. Avis alinunua uzi. Muoka mikate alimchagulia mkate wa moto, akaufunga polepole mno. Desmond alisikia moyo ukimchoma, akawafuata, Avis na mkate wake, hadi nyumbani.

Jumatano, Avis akatokea kwenye skrini na uzi wake. Nyuma yake, kando ya kibanda cha simu, alisimama mwanamume mwenye kofia.

Desmond akaruka. "Ndiye huyo! Mmemwona? Mshenzi mkubwa!"

"Kaa chini, baba, unatuziba," akasema mama mmoja nyuma yake.

Sugden akampa pipi ya mnanaa. "Ni wewe, Desmond. Kofia si hiyo umeishika?"

Desmond akaitazama kofia. Akaketi, akafikiri. Kama wa nyuma ni yeye, basi yule mwingine lazima yuko mbele. Akaamua kumfuata kwa karibu zaidi.

Habari zikaenea. Watu wakaanza kuja na wake zao, na wengine wakasimama ukutani. Sugden alisema hajaona filamu tamu namna ile, maana wote wanajua kuna mtu nyuma, ila Avis mwenyewe ndiye hajui. Asubuhi walimsalimu Avis dukani, wakamuuliza hali ya hewa. Hakuna aliyemwambia neno.

Bi Olwen ndiye aliyemwambia hatimaye. Jumatano iliyofuata Avis alikuja na koti lake, akaketi kando ya mumewe. Desmond akafurahi, akamshika mkono. Avis akajitazama akitembea, akamwona mwenye kofia. Akamgeukia mumewe.

"Huwa unasimama pale?" akauliza.

"Namtafuta yule mwingine."

"Yupi?"

"Ungejua ungeniambia?"

Tangu hapo Avis hakukosa Jumatano hata moja. Lile giza halikumuumiza tena kichwa, au labda lilimuumiza. Watu walisema Desmond amekuwa mume mpole, kila mara ameshika mkono wa mkewe. Avis yeye hakuwa akitazama wauaji wala majasusi. Alitazama nyuma ya mabega yake mwenyewe kwenye skrini, apate kujua mumewe amefika wapi. Kila wiki alikuwa amesogea. Kutoka kibanda cha simu alifika kwenye uzio, kutoka kwenye uzio akafika kwenye taa ya barabarani, na wiki ya Krismasi, pale kwenye skrini, pumzi yake ilikuwa ikitikisa nywele za kisogoni mwa Avis.

Ukumbi ulishusha pumzi kwa pamoja. Taa zikawaka, watu wakavaa makoti, wakaenda kunywa chai.